Uzito wa Mtu Mwenyewe

Watu wengi wakisikia kwamba ninafundisha karate uani kwangu hapa Utemini, swali lao la kwanza ni juu ya vyuma. Vyuma viko wapi? Huuliza huku wakichungulia nyuma ya karakana, kana kwamba nimevificha chini ya mbao. Mimi ni fundi seremala. Uani kwangu kuna magogo, vumbi la msumeno, benchi mbili za kurandia, mwembe mmoja mkubwa na kuku wa mke wangu. Vyuma vya kunyanyua sina, wala sijapata kuvihitaji. Kila mwanafunzi anayeingia pale huja na mzigo wake kamili: kilo 50, kilo 60, wengine kilo 80. Mzigo huo hauibiwi, haukodishwi, na mtu akihama mji huhama nao.

Ndugu msomaji, nataka kuzungumza juu ya mzigo huo, jinsi unavyoweza kumjenga mtu wa mapigano akawa na nguvu na pumzi, na jinsi mzigo huohuo unavyoweza kumvunja. Nina sababu ya kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, na nitaifikia.

Mazoezi ya kutumia uzito wa mwili sisi hatukufundishwa na karate. Nani katika nchi hii aliyepita shule ya msingi asiyejua mchakamchaka? Alfajiri, umande miguuni, mstari mrefu wa watoto, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia, na vumbi linapanda. Huo ulikuwa mchezo wa furaha, angalau kwa wale waliokuwa wameshiba. Lakini pushapu na kichurachura vilitufikia kwa mlango mwingine. Umechelewa? Pushapu 20. Umepiga kelele? Shika masikio, ruka kichurachura hadi kwenye mnara wa bendera na kurudi. Kazi ya nyumbani hukufanya? Basi leo utazunguka uwanja. Mwili ukajifunza kwamba mambo haya ni faini. Ndiyo maana hadi leo ukimwambia mtu mzima wa Kitanzania apige pushapu, hata kwa mzaha, hukutazama kwanza kama anayetaka kuuliza: nimekosa nini?

Mimi nilikuja kuyajua upya nilipokuwa Dar es Salaam, kijana ninayejifunza useremala. Karate ya mtindo wa Goju-ryu ilikuwa imeingia jijini mapema miaka ya 1970, ikifundishwa na Mmarekani Mweusi aliyeitwa Nantambu Camara Bomani, na dojo ya Zanaki ikawa chemchemi ambayo maji yake yalitiririka taratibu hadi mikoani. Mwalimu wangu alikuwa mwanafunzi wa wanafunzi wa pale. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye shingo nene. Jioni ya kwanza nilitegemea kufundishwa teke, kwa maana nilikuwa nimeshamwona Bruce Lee katika sinema na nilikuwa na haraka. Badala yake tulisimama tukazungusha vidole vya miguu. Kisha vifundo. Kisha magoti, nyonga, kiuno, mabega, shingo. Dakika 20 zikapita hatujapiga hewa hata ngumi moja.

Baadaye nilielewa kwamba utaratibu ule wa kuanzia vidoleni na kupanda juu uliwekwa na Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, mtu wa Naha katika kisiwa cha Okinawa, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1953. Neno go maana yake ni ugumu, na ju ni ulaini, na jina zima linasema kwamba mpiganaji anahitaji vyote viwili. Watu wa Okinawa walikuwa na vifaa vyao vya kuongezea nguvu, kama mawe yaliyotiwa mpini na mitungi ya kushika kwa ncha za vidole. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini chini ya vifaa vyote hivyo palikuwa na mwili mtupu, umesimama, unapumua. Wana kata moja inayoitwa Sanchin, ambayo mtazamaji asiyejua ataiona ya kuchosha macho: mtu anapiga hatua chache tu, polepole, mwili mzima umekazwa kuanzia nyayo hadi shingoni, pumzi inaingia puani na kutoka kama upepo wa mfuo wa mhunzi. Fanya Sanchin moja sawasawa, uone jasho litakavyokutoka hata katika upepo wa Singida wa mwezi wa Julai.

Huko India nako wacheza mieleka wa jadi wana mazoezi yao mawili makubwa. Moja huitwa dand, nayo ni pushapu ya mwendo wa wimbi: unaanza matako yakiwa juu, unashuka kifua karibu na ardhi, unachomoza mbele na kifua kikiwa kimeinuka, kisha unarudi. La pili huitwa baithak, ambalo ni kuchuchumaa na kusimama kwa mfululizo bila kupumzika. Gama, bingwa wao aliyezaliwa mwaka 1878, alilelewa katika mazoezi hayo. Mwaka 1910 alikwenda London akakutana ulingoni na Stanislaus Zbyszko, jitu la Poland lenye zaidi ya kilo 100. Kwa zaidi ya saa 2 na nusu Zbyszko alijibana chini kwenye mkeka, na Gama juu yake akijaribu kumgeuza, hadi pambano likahesabiwa sare. Wiki moja baadaye waliitwa warudiane. Zbyszko hakutokea.

Vijana wangu wanaipenda hadithi hiyo, lakini wanachopenda zaidi ni hesabu. Inasemekana Gama alikuwa akifanya baithak kwa maelfu kwa siku, na wao wakisikia neno maelfu macho huwang'aa. Huwaambia wasisahau yaliyobaki katika habari hiyohiyo: kwamba alianza akiwa mtoto, akaongeza kidogo kidogo kwa miaka, akawa na maziwa na lozi za kutosha, na watu wa kumkanda. Sisi hapa tuna ugali wa uwele na mlenda, chakula kizuri ambacho simruhusu mtu akidharau mbele yangu, lakini si maziwa ya ikulu ya maharaja.

Sasa niseme kidogo jinsi tunavyofanya, kwa kuwa najua wapo wasomaji watakaotaka kujaribu.

Ukiwa katika pushapu ya kawaida, mikono yako inabeba takriban theluthi mbili ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anasukuma karibu kilo 40, ambazo si haba. Akiweka magoti chini, mzigo unashuka hadi kama nusu ya uzito wake. Akiegemea benchi ya kurandia unapungua zaidi, na akisimama akiegemea ukuta unakuwa mwepesi kiasi kwamba hata bibi yangu angeuweza. Kinyume chake, akipandisha miguu juu ya gogo, mzigo unaongezeka. Kwa hiyo yule anayesema hawezi pushapu hajasema lolote. Bado hatujajua ni pushapu ipi. Mwanafunzi mgeni naanza naye ukutani, nashuka naye kwenye benchi, kisha gogo, kisha ardhi. Wengine huchukua wiki mbili, wengine miezi mitatu. Pale ardhini tunakunja ngumi na kukaa juu ya vifundo viwili vya kwanza, kile cha kidole cha shahada na kile cha kati, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopiga, na kifundo cha mkono hujifunza kunyooka bila kupinda.

Watu huchanganya nguvu na ustahimilivu, wakidhani anayepiga pushapu 100 ndiye mwenye nguvu. Huyo ana ustahimilivu wa pushapu. Anayetaka nguvu ya ngumi moja yenye uzito achague namna ngumu, ile anayoiweza mara 5 au 8 tu, ashuke polepole akihesabu hadi nne, apande kwa kasi, kisha apumzike dakika 2 au 3 nzima kabla ya kurudia. Mapumziko hayo si uvivu. Bila hayo anaanza kufanya zoezi jingine kabisa. Anayetaka pumzi ya pambano achague namna rahisi na aifuate saa. Raundi ya ngumi ni dakika 3, mapumziko dakika 1. Sisi tunafanya hivyohivyo: dakika 3 za kuchanganya, kuchuchumaa na kusimama, pushapu za benchi, kupiga hatua ndefu goti likikaribia ardhi, kuruka kamba; kisha dakika 1 ya kutembea na kupumua kwa pua. Raundi tatu zinamtosha kijana. Anayejiona hodari nampa ya nne.

Kitu kinachosahaulika ni kuvuta. Pushapu peke yake, mwaka baada ya mwaka, huvuta mabega mbele mpaka mtu akatembea kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Mwembe wangu una tawi moja la usawa, unene wa mkono wa mtu mzima, nimelipiga msasa ili lisichune viganja. Tunaning'inia pale. Asiyeweza kujivuta hata mara moja anapanda juu ya kigoda, anaanza kidevu kikiwa juu ya tawi, kisha anajishusha polepole kadiri anavyoweza. Kushuka nako ni nguvu. Baada ya wiki chache siku moja atashangaa amepanda.

Na miguu. Singida ni mji wa majabali, na vijana wangu siku za Jumapili hukimbia kuelekea ziwa Singidani na kupanda mawe kwa hatua ndefu. Mwezi Septemba mwaka 2025, Alphonce Simbu, mwana wa mkoa huu, aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakipewa muda uleule wa saa 2:09:48 na kutenganishwa na sehemu chache za sekunde, vijana walikuja uani wakitaka kukimbia tu, karate iwekwe kando. Tulikimbia. Lakini niliwaonyesha picha ya hatua zile za mwisho: tazameni mabega, tazameni kiuno kilivyosimama baada ya kilomita 42. Hiyo si kazi ya miguu peke yake.

Katika orodha ya mazoezi ya miguu niliyorithi kwa mwalimu wangu lilikuwamo pia zoezi la kuruka ukiwa umechuchumaa. Yeye aliliita kwa jina la Kijapani, lakini kila Mtanzania analijua: ni kichurachura. Hapo ndipo nafika kwenye sababu yangu.

Dada yangu anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Mwanawe, ambaye nitamwita Mpwa tu, alikuwa na miaka 16 na alikuwa amekuja uani kwangu kwa muda usiozidi mwezi mmoja, mara moja kwa wiki. Bado alikuwa ukutani na kwenye benchi, miguu hatujaigusa sana. Alikuwa akisoma katika shule moja ya sekondari ambayo sina haja ya kuitaja. Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba, jua la Singida likiwa katika ubaya wake wote kabla ya mvua, yeye na wenzake walichelewa kurudi darasani baada ya mapumziko. Waliamriwa kuzunguka uwanja kwa kichurachura. Ni mara ngapi walizunguka, hakuna aliyehesabu. Mpwa anasema aliyeanguka aliambiwa aanze upya, na kwamba maji yalikuwa upande wa pili wa uwanja.

Jumamosi hakuweza kuchuchumaa chooni. Mapaja yalivimba yakawa magumu kama mbao mbichi. Jumapili asubuhi mkojo wake ulitoka na rangi ya chai iliyokolea. Mama yake alipouona alikuja kwangu akiwa na khanga moja begani na kandambili zisizolingana.

"Kaka, mtoto wangu umemfanya nini?"

Nilimwambia kwamba sijamwona tangu Jumatano. Hakunisikia. Alikuwa amesimama katikati ya wanafunzi wangu, ambao walikuwa wamejipanga mstari, na akawatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mwingine aliyeumizwa. Tulimpeleka kijana hospitali kwa bodaboda mbili, yeye akiwa katikati yangu na dereva kwa sababu hakuweza kujishika.

Daktari alitueleza vizuri, na ninamshukuru kwa hilo. Msuli ukilazimishwa kazi kubwa usiyoizoea, na hasa kazi ya kushuka na kutua, kwenye joto, bila maji, nyuzi zake hupasuka kupita kiasi cha kawaida. Vilivyomo ndani yake humwagika katika damu. Kimojawapo ni protini inayobeba oksijeni ndani ya msuli, iitwayo mayoglobini, na hiyo ndiyo inayotia mkojo rangi ile. Figo hujaribu kuichuja na zinaweza kuziba na kushindwa kazi. Ugonjwa wenyewe unaitwa rabdomayolisisi. Baadaye nilisoma kwamba ulichunguzwa sana London katika Vita Kuu ya Pili, wakati wa mabomu, ambapo watu walitolewa chini ya vifusi wakiwa hai, wanaongea, kisha siku chache baadaye figo zao zikakataa. Daktari Eric Bywaters na mwenzake waliandika habari zao mwaka 1941. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini nikatoka nje. Mtoto wetu hakuangukiwa na nyumba. Aliangukiwa na uzito wake mwenyewe.

Alikaa hospitali siku tano, dripu ikiingia mchana na usiku. Mkojo ulirudi kuwa mwepesi, figo zikapona. Wapo ambao figo zao hazirudi.

Siku ya kutoka, dada yangu alikuwa ameshajua ukweli wote. Alijua ni shule, alijua ni adhabu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi tukisubiri karatasi, na nikadhani sasa tutaongea kama ndugu. Akasema:

"Nimeelewa si wewe. Lakini niambie tofauti. Kichurachura chao na kichurachura chako, tofauti ni ipi?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi mno, na yote yalinukia ualimu. Kwamba mimi naongeza polepole. Kwamba maji yapo, ndoo na kikombe chini ya mwembe. Kwamba msuli hukua siku ya kupumzika na si siku ya kazi, ndiyo maana kundi la miguu tunaliacha saa 48 kabla ya kulirudia. Kwamba mtu aliyetoka kuugua malaria hurudi nyuma hatua mbili hata kama anajisikia mzima. Yote hayo ni kweli, na kila anayefundisha mazoezi anapaswa kuyajua kama anavyojua jina lake. Lakini dada yangu hakuwa akiuliza habari za misuli. Alikuwa akiuliza ni nani mwenye mwili ule wakati unaporuka.

Nadhani hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ukimwekea mtu chuma cha kilo 40 kifuani, kila mtu anaona kwamba ni mzigo, na mwenye akili atasimama karibu amsaidie ukimzidi. Uzito wa mwili hauonekani. Anayeamuru haoni alichokiweka juu ya mwenzake, kwa sababu hajabeba kitu akaja nacho; ametoa neno tu. Na anayeamriwa hawezi kuutua chini akaondoka. Kwa hiyo mazoezi haya, ambayo watu huyaita salama kwa kuwa hayana kifaa, yanahitaji kitu kimoja ambacho chuma hakikihitaji sana: mwenye mwili awe na ruhusa ya kusema basi.

Sikumwambia dada yangu hayo yote. Nilimwambia, "Mlete akae tu. Asifanye kitu. Akae kwenye gogo atazame." Hakujibu. Karatasi zikaja, tukaondoka.

Ilichukua wiki sita. Daktari alikuwa amesema aanze na kutembea, kisha mazoezi mepesi, na asiguse kitu kizito hadi damu yake ipimwe tena. Akaja na mama yake. Mpwa alikaa kwenye gogo, mama yake akakaa kwenye benchi yangu ya kurandia na ungo wa mlenda mapajani, akichambua majani na kututazama kwa jicho moja. Wiki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mapaja ya kijana yalikuwa yamepungua, suruali ya shule inamcheza. Wiki ya tatu, nilipokuwa nikiwagawa wanafunzi, aliniita pembeni.

"Mjomba, hapa mtu akichoka anaruhusiwa kusema?"

"Anaruhusiwa."

"Hata kama hajachoka sana?"

"Hata kama hajachoka kabisa."

Akaenda ukutani, kule wanakoanzia wageni. Akapiga pushapu tatu za kusimama. Mimi nilikuwa najua, na mama yake alikuwa anajua, na nadhani hata kuku walikuwa wanajua, kwamba tatu hazikuwa kitu kwake. Akasema, "Basi," kwa sauti ya juu, akageuka kunitazama usoni.

Nikasema, "Haya. Kunywa maji."

Siku iliyofuata alipiga tatu tena, akasema basi, akanitazama. Mara ya tatu alipiga nane na hakunitazama. Kufikia mwezi wa Machi alikuwa ardhini, juu ya vifundo vya ngumi, akishuka kwa hesabu ya nne.

Miguu ilikuwa kazi nyingine. Magoti yalikuwa yamepona lakini yeye alikataa kuyakunja. Ukimwambia chuchumaa, uso unabadilika. Hapo nilirudi kwenye Okinawa. Wana msimamo mmoja wa chini uitwao shiko-dachi: miguu imepanuliwa, vidole vimeelekea nje, mgongo wima, mapaja yakishuka kuelekea usawa wa ardhi, na mtu anakaa hivyo bila kutikisika. Hakuna kuruka, hakuna kutua. Misuli inafanya kazi ikiwa imetulia. Na uzuri wake ni kwamba mtu huchagua mwenyewe ashuke kiasi gani. Mpwa alianza na upana wa vidole vinne, akiwa ameshika shina la mwembe, kwa sekunde 10. Mtu mwingine angecheka. Wanafunzi wangu hawakucheka, na kwa hilo najivunia kuliko mikanda yao. Tulipima kwa vidole: wiki hii vinne, wiki ijayo vitano. Baada ya miezi saba aliachia mti, akakaa dakika 3 nzima, muda wa raundi moja, mapaja yakitetemeka kama ngozi ya ngoma. Mama yake alikuwa pale. Hakusema kitu, ila ungo ulikuwa umesimama.

Tangu hapo uani kwangu kila mwanafunzi huhesabu mwenyewe, kwa sauti yake, na akifika mwisho husema basi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Niliogopa kidogo kwamba wavivu watajificha humo. Wapo wawili. Wengine wote wanafanya zaidi ya walivyokuwa wakifanya nilipokuwa nikihesabu mimi, jambo ambalo bado linanishangaza, na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, asingekubaliana nalo hata kidogo.

Dada yangu alikwenda kwenye kikao cha wazazi akasimama akaeleza habari nzima, pamoja na rangi ya mkojo, ambayo watu hawakupenda kuisikia mbele ya wageni. Wazazi waliambiwa kwamba adhabu ya kichurachura imesitishwa. Wanafunzi wa shule hiyo wanaokuja kwangu wanasema sasa ni kubeba mawe. Dada yangu anasubiri kikao kijacho.

Mpwa sasa ana miaka 19 na ananisaidia kufundisha wadogo, wasichana kwa wavulana. Jumamosi iliyopita nilikuwa na kabati la mteja la kumalizia, nikamwachia kipindi. Nilimsikia kutoka karakana: vidole vya miguu, vifundo, magoti, nyonga. Akawapeleka ukutani, kwenye benchi, kwenye tawi. Alipofika kwenye miguu aliruka zoezi moja katika orodha ya zamani, kama anavyofanya siku zote, na sijapata kumuuliza. Akawapanga katika shiko-dachi, akatoa simu mfukoni aweke dakika, akaiweka juu ya gogo, kisha yeye mwenyewe akashuka pamoja nao.